Usinitobolee Mwisho: Vidokezo kwa Wapenzi wa Taharuki wa Kasulu na Kibondo

Jua likishazama, baridi ya nyanda za juu za Buha huanza kuuma na mabenchi ya kibanda umiza hujaa. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: saa kumi muvi ya Kihindi, saa kumi na mbili ya mapigano iliyotafsiriwa, saa mbili usiku mpira. Ndani wamebanana madereva wa bodaboda, wauza maharage waliofunga mizigo yao mapema, na wanafunzi ambao kwa haki walitakiwa wawe prepu. Nyumba ya pili ni kibanda cha gemu, vijana wamekodolea runinga macho. Na huko mtaani yupo dada anayesoma riwaya iliyochanika jalada, ameitwa kula mara tatu na hajaitika.

Wote hao wanatafuta kitu kimoja, yaani moyo udunde huku mwili uko salama. Raha hiyo ni kubwa, na huongezeka mtu akijua inavyopikwa. Vidokezo hivi ni vya mtazamaji, msomaji na mchezaji. Tahadhari moja kabla hatujaanza: kidokezo cha 5 kinatoboa siri ya mchezo wa GTA San Andreas wa mwaka 2004. Kama bado hujaufikisha mbali, kiruke, utakirudia.

1. Jiulize unajua nini ambacho steringi hajui

Wengi wetu hudhani taharuki huja kwa sababu hatujui kitakachotokea. Mwongozaji Alfred Hitchcock aliliona jambo hili vizuri zaidi, na alimweleza mwenzake Mfaransa François Truffaut katika mazungumzo yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Ghafla bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji ameshtuka kwa sekunde kumi na tano, basi. Sasa rudia onyesho lilelile, ila safari hii mtazamaji ameonyeshwa bomu likitegwa na anaiona saa ukutani. Soga ileile ya upuuzi inageuka mateso ya dakika kumi na tano. Mtazamaji anataka kupiga kelele: acheni maneno, ondokeni hapo!

Na katika kibanda umiza, kelele hizo hupigwa kweli. Angalia benchi la mbele siku adui anapojificha nyuma ya pazia na steringi anaingia chumbani taratibu, anavua koti, anamimina maji kwenye glasi. "Geuka!" "We kaka, nyuma yako!" Mzee aliyekuwa anasinzia amesimama na fimbo yake. Steringi anakunywa maji, anaweka glasi chini, anachukua simu. Hakuna hata ngumi moja iliyorushwa, lakini kibanda kizima kimeshika roho mkononi.

Kwa hiyo moyo ukianza kwenda mbio, jiulize mara moja: hapa nani anajua nini? Kuna nyakati unajua zaidi ya steringi, na hapo unamwonea huruma. Kuna nyakati mnajua sawa, na hapo mnapeleleza pamoja. Kuna nyakati yeye anajua zaidi yako, na hapo kaa chonjo, maana mgeuko uko njiani. Msimulizi hodari hukuhamisha kutoka hali moja hadi nyingine bila wewe kuhisi, na ukishaanza kuona anavyokuhamisha, hata muvi uliyoiona zamani inakuwa mpya.

2. Msikilize DJ, halafu itazame tena bila yeye

Sisi tuna bahati ambayo watazamaji wengi duniani hawana. Muvi yetu ina wasimulizi wawili: aliyeitengeneza na DJ aliyeitafsiri. Derek Mukandala, ambaye wapenzi wa video walimjua zaidi kwa jina la Lufufu, alifanya kazi hiyo hadi sauti yake ikawa sababu tosha ya mtu kukodi kanda. Baada yake wakaja kina DJ Mack na DJ Murphy. Kenya yupo DJ Afro. Uganda wanawaita VJ.

Sikiliza DJ anachofanya na siri. Mwingine huiachia mapema: mhusika anaingia tu, na DJ anakunong'oneza kwamba "huyu bwana mwangalie vizuri." Hapo amegeuza mshtuko ukawa taharuki, amekuonyesha bomu chini ya meza. Mwingine hukaa kimya hadi dakika ya mwisho. Mwingine anampa adui jina la utani la kuchekesha ili usimshuku. Haya ni maamuzi ya msimulizi kamili, na yanastahili heshima ileile tunayompa mwandishi wa riwaya. Ukipata muvi moja iliyotafsiriwa na ma-DJ wawili tofauti, tazama zote mbili. Halafu itazame na sauti yake ya asili, hata kama lugha hiyo huielewi. Utashangaa ni taharuki kiasi gani ilikuwa ya DJ.

Kilele cha sanaa hii kiko Kampala, katika mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana alitengeneza huko filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. VJ Emmie anaisindikiza kwa sauti yake mwanzo hadi mwisho. Jina la filamu linauliza nani alimuua Kapteni Alex, na filamu inaisha bila kujibu. Swali lenyewe limewaweka watu kitini, limewapitisha kwenye helikopta, ngumi na vicheko, na mwishoni wengi hawadai jibu. Siwashauri watunzi wa hapa waige hilo ovyo. Lakini ni ushahidi mzuri kwamba swali likitegwa sawasawa linaweza kubeba hadithi nzima mgongoni.

3. Tafuta grisi

Mgeuko bora kuliko yote ninayoijua katika mkoa wa Kigoma haukutungwa na mtu yeyote. Ni kisa cha meli ya Liemba.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya. Februari 1915 ikashushwa majini, na hakukuwa na chombo cha kuitishia katika Ziwa Tanganyika zima. Waingereza wakajibu kwa jambo ambalo lingeandikwa kwenye riwaya tungesema mwandishi ametia chumvi: walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli, wakaziburuta porini na milimani huko Kongo hadi ziwani. Desemba 1915 wakaiteka Kingani ya Wajerumani. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mtazamaji sasa amekaa ukingoni mwa benchi, anangoja boti ndogo zipambane na lile dude kubwa.

Pambano halikutokea. Wabelgiji walipokuwa wanasonga mbele nchi kavu na Kigoma ikiwa haishikiki tena, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, Julai 1916. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, mitambo ikakutwa inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, meli hiyohiyo iliyowahi kutumika vitani ilikuwa inawachukua Warundi waliokimbia machafuko, kutoka ufukwe wa Kagunga hadi Kigoma mjini, na wengi wao wakapelekwa kambi ya Nyarugusu hapa Kasulu.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alichota kisa cha ziwa hili akaandika riwaya ya The African Queen, na 1951 John Huston akaifanya filamu, wakaigiza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Linganisha miisho. Katika riwaya, mashujaa wanashindwa: kiboti chao kinazama kwa dhoruba, wanakamatwa, na meli ya Wajerumani inazamishwa na boti za kivita za Waingereza. Katika filamu, kiboti kilichopinduka kinaibuka chenyewe na mabomu yake, na meli ya adui inakigonga kwa bahati tu. Watu walishangilia, nami nawaelewa, lakini kwa maoni yangu mwisho ulio bora kuliko wote wawili ni ule wa kweli. Kwa nini? Kwa sababu ya grisi. Ilipakwa mapema, kabla meli haijazama, na hakuna aliyeweza kujua ingekuja kuzaa nini.

Basi hilo ndilo jaribio langu kwa kila mgeuko. "Kumbe!" ikishakutoka mdomoni, rudi nyuma kwa mawazo utafute grisi ilipopakwa. Ilikuwa neno gani? Tabasamu lipi? Mlango upi ulioachwa wazi? Ukiiona, mpe mtunzi mkono. Usipoiona kabisa, umedanganywa, na una haki ya kuchukia.

4. Anza na riwaya za nyumbani, na mmoja wa waandishi ni wa mkoa huu

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwana wa Kigoma. Mpelelezi wake Joram Kiango alisomwa chini ya madawati nchi nzima. Tazama tu majina ya vitabu vyake: Lazima Ufe Joram. Salamu Toka Kuzimu. Tutarudi na Roho Zetu? Hilo la mwisho lina alama ya kuuliza palepale kwenye jalada, na msomaji anaingia ukurasa wa kwanza tayari ana deni la jibu. Kama unafundisha Kiswahili sekondari hapa Kasulu au Kibondo na unataka darasa lielewe taharuki kwa nusu saa, andika majina hayo matatu ubaoni na uwaulize wanafunzi wangependa kufungua kipi.

Mfuatano ninaoupendekeza ni huu. Anza na Mtobwa kwa sababu mwendo wake ni wa kasi. Kisha nenda kwa Elvis Musiba na Willy Gamba wake, ukianzia na Kufa na Kupona. Gamba ni mpelelezi wa enzi za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hatari inayomkabili ni ya nchi nzima, haiishii kwenye ngozi yake. Halafu rudi nyuma hadi 1965 umsome Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo, yenye Inspekta Wingo.

Mwisho kabisa, na kwa utulivu, soma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa 1960. Mwili usio na kichwa unakutwa kwenye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake. Hakimbizani na mtu. Anasikiliza, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, anavuta kiko. Msomaji aliyezoea Willy Gamba ataona mambo yanakwenda polepole mno. Avumilie. Abdulla ni fundi wa kupaka grisi: kila kitu unachohitaji ili kumjua mhalifu kimewekwa mbele yako, na bado anakupita. Weka penseli karibu, tia alama pembeni kila ukishuku jambo, na kitabu kikiisha pitia alama zako.

Vitabu hivi havipatikani kirahisi dukani. Ulizia maktaba za shule na wauza vitabu vya mtumba, na usione haya kuazima. Ila rudisha.

5. Katika gemu, mchunguze anayekuchekesha

Mgeuko wa gemu unauma kuliko wa muvi, na sababu yake ni rahisi: ulishika pedi wewe. Katika muvi unasalitiwa na mtu aliyekuwa rafiki wa steringi. Katika gemu unasalitiwa na mtu uliyemwendeshea gari.

San Andreas ndiyo mfano ambao karibu kila kijana wa kibanda cha gemu anaujua, hata kama hajaufikia kwa jasho lake. CJ, mhusika unayemwendesha, anarudi Los Santos mwaka 1992 kwa mazishi ya mama yake. Big Smoke, mnene mcheshi mwenye kofia na miwani, anampokea, anampa kazi, anamfariji. Kisha unafika kwenye misheni ya The Green Sabre, na kwa mbali unaona kwa macho yako: Big Smoke na Ryder, rafiki mwingine, wako pamoja na maadui, na gari la kijani lililotumika katika mauaji ya mama liko palepale.

Sasa rudi mwanzoni. Kuna misheni ya kununua chakula dirishani, vijana wanne kwenye gari moja. Maadui wanatokea, risasi zinarushwa, CJ anakimbiza gari. Big Smoke hapigi hata risasi moja. Anakula. Dunia nzima ilicheka na bado inacheka. Oda yake ya chakula imekuwa utani wa kimataifa. Grisi ilikuwa ndani ya kicheko. Mtunzi alijua mtu anayecheka hashuku.

Ushauri wa kazi: vijana wengi wanalipia gemu kwa dakika, kwa hiyo wanabonyeza kuruka vile vipande vya hadithi ili wafike haraka kwenye risasi. Ukifanya hivyo umelipia nusu ya mchezo. Chagueni siku moja, mchange wawili au watatu, mchukue muda mrefu, msiruke kipande hata kimoja. Mmoja acheze, mwingine asome maandishi ya chini na kuwatafsiria wenzake. Na hakikisheni mwenye kibanda anawahifadhia mlipofika, la sivyo kesho mnaanza tena mazishini.

6. Ukinunua Bongo Movie, uliza kama kuna Pati Tuu

Enzi za waigizaji Kanumba na Ray, filamu moja ilikuwa inakatwa mara mbili na kuuzwa diski mbili. Kisu kilikuwa kinapita mahali pabaya makusudi: bastola imeinuliwa, mlango umefunguliwa, "itaendelea." Wasanii walitafuta riziki kwa njia hiyo na siwalaumu. Wewe hakikisha tu una zote mbili kabla hujaiwasha, hasa kama duka liko mjini na wewe unakaa Heru Juu.

7. Jifunze kungoja kutoka redioni

Kabla simu hazijatujazia sizoni nzima usiku mmoja, walioshika taharuki ya nchi hii walikuwa watu wa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Mhusika aliyewakaa watu rohoni alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu akimngoja nyumbani. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Angalia taharuki yake ilivyosukwa: msikilizaji alijua kuhusu Ukimwi, Mkwaju hakutaka kujua. Bomu lilikuwa chini ya meza miaka yote hiyo, na Mkwaju alipougua na kufa, hakuna aliyeweza kusema hakuonyeshwa.

Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1997, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri: familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, wakati nchi iko vitani. Mtu wa Kasulu au Kibondo anayesema Kiha hahitaji mkalimani sana kwa Kirundi, na mawimbi ya redio hayakaguliwi pale mpakani Manyovu. Ninautaja mchezo huu kwa heshima kubwa. Katika filamu nyingi tunangoja kuona nani atamuua nani. Huyu mama aliwafanya watu wangoje kuona kama jirani atafungua mlango, na hilo lina taharuki ya kuwatosha waandishi kumi.

Ukifuatilia tamthilia leo, jaribu kungoja kama wasikilizaji wale. Tazama sehemu moja, zima, kaa nayo hadi kesho. Ongea na wenzako: wewe unamshuku nani? Kile kipindi cha kubishana ndicho mtunzi alichokikusudia, na ukimeza sehemu kumi mfululizo unakikosa.

8. Usitoboe mwisho, lakini ukitobolewa usisuse

Adabu kwanza. Aliyetoka kibandani saa mbili asisimame mlangoni kuwaambia wanaoingia kwamba "mjomba ndiye muuaji." Psycho ilipotoka mwaka 1960, Hitchcock alitaka kumbi zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Nadhani kila kibanda hapa mjini kingefaidika na amri hiyo.

Sasa faraja. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12 wasome, wengine wakiwa wameambiwa mwisho. Kwa jumla, walioambiwa walizifurahia zaidi. Wala hatuhitaji kwenda California kuthibitisha. Titanic ilitoka 1997, na kila aliyekwenda kuitazama alijua meli itazama. Vibanda vilijaa, kina mama walilia, na bado kuna mtu alitumaini safari hii itakikwepa kile kilima cha barafu. Ukishajua kitakachotokea, macho yanapata nafasi ya kuona kinavyotokea.

Ndiyo maana nasema muvi yenye mgeuko mzuri itazamwe mara mbili. Mara ya pili usimtazame steringi, mtazame msaliti. Angalia anavyokaa, anapoangalia, anapochelewa kujibu. Mwigizaji hodari amekuwa akikuambia ukweli tangu mwanzo.

9. Umeme ukikatika, msitawanyike

Miji yetu iliishi kwa majenereta miaka mingi kabla gridi ya Taifa haijafika, kwa hiyo hakuna mtazamaji wa hapa asiyejua uchungu wa giza kuingia dakika kumi kabla ya mwisho. Itumieni nafasi hiyo. Kila mtu ataje anayemshuku na sababu moja tu aliyoiona ndani ya muvi. "Namshuku daktari" haitoshi. "Daktari alijua jina la mtoto kabla hajaambiwa" inatosha. Umeme ukirudi, aliyepata kwa sababu sahihi akae kiti cha mbele.

10. Ndani ya basi, chagua dirisha

Muvi ya kwenye basi la Kibondo hadi Kasulu haiishi kabla ya stendi. Kama mapenzi yako kwa taharuki ni makubwa, angalia milima. Kama umeshindwa kujizuia, muulize konda jina la muvi kabla hujashuka.

11. Ikataeni "kumbe ilikuwa ndoto"

Mashujaa wamezingirwa, hakuna njia, msomaji hajapata usingizi, halafu mhusika anaamka kitandani akitokwa jasho. Huo si mgeuko, ni kukimbia deni. Vivyo hivyo pacha aliyefichwa ambaye hakuwahi kutajwa, na mganga anayeingia sehemu ya mwisho na dawa ya kila kitu. Sina ugomvi na uchawi katika hadithi. Wazee wetu waliutumia kwa ustadi mkubwa, na ukiwasikiliza utaona mchawi ametajwa mapema, shimo limetajwa mapema, mwiko umetajwa mapema: usifungue chungu hiki. Tangu hapo mtoto aliyekaa kando ya moto anajua chungu kitafunguliwa, na hali muhogo wake kwa amani tena. Watunzi wa filamu zetu wana shule hiyo nyumbani mwao, na inanisikitisha wanapoiacha na kuiga mwisho wa haraka kutoka kwenye sizoni za watu wengine.

12. Simulia mwenyewe

Hapa ndipo utajua kama umeielewa muvi. Mchague mtu ambaye hakuiona, bibi au mdogo wako, na umsimulie kuanzia hatari ilipo. Usianze na majina ya waigizaji. Anza hivi: "Kuna mama mmoja, mwanawe hajarudi, na anayebisha hodi si mwanawe." Paka grisi yako bila kuikazia sauti; ukilitamka jambo dogo kwa uzito, msikilizaji atalishuku. Neno "kumbe" liweke mfukoni hadi siku ya mwisho. Milio ya bunduki na farasi ifanye kwa mdomo, usione aibu, wasimulizi wa njia ya kwenda kisimani wameifanya vizuri kuliko spika nyingi ninazozifahamu.

Kisha kata. Kata pale mlango unapofunguka, mkono umeshika kitasa. Bibi akikuuliza "halafu?", mwulize kwanza yeye anadhani ni nani, na umpe sababu ya kungoja hadi kesho baada ya chakula.